Nusu Pete ya Kinu Namba Mbili

Juzi walinijia vijana wanne wa chuo cha ufundi, madaftari kwapani, wakaniamkia hapa barazani kwangu Viwanja Sitini kwa adabu ambayo ilinitia shaka. Kijana wa siku hizi hakupi shikamoo mara mbili bure. Kumbe ni mtihani. Wameambiwa waeleze kwa nini tabaini ya mvuke haitengenezwi na safu moja tu ya mapanga, na ni njia zipi hutumika kugawa kazi ya mvuke. Majina ya Wazungu waliobuni njia hizo walikuwa wameyakariri yote. Nilipomuuliza mmoja mvuke wenyewe unaingilia wapi na kutokea wapi, alitazama dari.

Niliwaeleza mpaka chai ikapoa. Walipoondoka ndipo nikakumbuka kwamba jambo kubwa sikuwaambia, na kwa kuwa miguu yangu haitaki tena kuwafuata watu chuoni, nimeamua kuliandika. Halimo kwenye mtihani wenu, lakini bila hilo mtakuja kuharibu mtambo mzuri mkiwa na adabu zenu zote.

Mimi naitwa Skolastika, Mndamba wa Lumemo, hapahapa Ifakara. Kiwandani waliniita Skola. Nilikuwa fundi wa tabaini katika kiwanda cha sukari kule upande wa Kidatu, na miaka ninayotaka kuizungumza ni ile ya tisini, wakati spea ilikuwa ikiagizwa unaweza kuoa, ukazaa na ukabatiza kabla haijafika. Nilikuwa mwanamke peke yangu kwenye kikosi cha tabaini. Ovaroli niliyopewa ingetosha mimi na mama yangu.

Tuanze na mvuke. Mvuke ukitoka boila una haraka. Ukiuacha uporomoke wote kwa mkupuo mmoja mbele ya safu moja ya mapanga, unatoka kwenye nozo, ule mdomo mwembamba wa kuupuliza, kwa kasi ya kutisha. Na panga, ili lichukue nguvu ya mvuke sawasawa, linatakiwa likimbie karibu nusu ya kasi ya mvuke wenyewe. Fanyeni hesabu hapo. Gurudumu lingetakiwa lizunguke mpaka lipasuke, vipande tukaviokote Mikumi. Ukisema lizunguke taratibu, mvuke unapita na nguvu zake, haujaacha kitu. Kwa hiyo kazi lazima igawanywe, na hilo ndilo mnaloliita kompaundi. Unaweza kugawa presha, unaweza kugawa kasi, unaweza pia kuzichanganya njia hizo mbili katika mtambo mmoja. Uchawi haumo.

Mimi haya nilikuwa nayo kwenye daftari, kwa michoro ya rangi, lakini sikuwa nayo kichwani. Aliyeyatia kichwani ni Mzee Shija.

Mzee Shija alikuwa Msukuma mrefu, mkimya asubuhi na mcheshi baada ya chai, ambaye aliachia shule darasa la nne, akajifunza mitambo ya mvuke kwenye jineri ya pamba kwao, kisha akashuka bondeni kutafuta kazi na asirudi tena. Wiki yangu ya pili nilimwonyesha lile daftari kwa kujidai. Alilipokea, akaligeuza, akanirudishia.

"Mayu," akasema, neno ambalo kwao ni mama, na aliniita hivyo tangu siku ya kwanza, "Jumapili ukitoka kanisani njoo shambani kwangu."

Nilikwenda. Alikuwa na majaruba ya mpunga, yameshuka mteremko moja baada ya jingine kama Wasukuma wanavyojua kuyalima. Akasimama jaruba la juu kabisa, jembe mkononi, maji yamejaa mpaka kwenye tuta.

"Nikibomoa matuta yote sasa hivi," akaniambia, "maji yanafika chini yamebeba udongo na miche. Hasara tupu. Nikitoboa kidogo tuta hili, kidogo lile, kila jaruba linapata chake, na maji yanafika chini yametulia. Ile tabaini kubwa ya kufua umeme ndivyo ilivyo. Magurudumu yamepangwa mstari mmoja, na kati ya gurudumu na gurudumu kuna kiwambo chenye matundu. Presha inashuka kidogo, gurudumu linakula kidogo, tunateremka. Umeelewa?"

Nikasema nimeelewa.

"Haya, shika jembe, toboa hilo la pili."

Nilitoboa la pili, la tatu na la nne, na jua lilipokuwa linashuka nikagundua kwamba nimemaliza kazi ya shamba lake lote. Nilimnunia njia nzima ya kurudi. Lakini mpaka leo nikisikia mtu anasema kugawa presha, nayaona yale maji.

Hiyo ilikuwa tabaini kubwa. Tabaini za vinu, zile za kuzungusha magurudumu yanayokamua miwa, zilikuwa ndogo na njia yake nyingine. Humo presha yote inashuka palepale kwenye nozo, na kinachogawanywa ni kasi. Gurudumu ni moja, lina safu mbili za mapanga. Mvuke unapiga safu ya kwanza, unasukuma, kisha unatoka umegeukia nyuma, na bado una kasi nyingi. Ukiuacha uende hivyo, umetupa mali. Basi katikati ya safu mbili wameweka mapanga yasiyozunguka. Yamefungwa kwenye kipande cha pete kinachokaa mbele ya nozo tu, hakimalizi duara, sisi tukakiita nusu pete. Kazi yake ni kuupokea ule mvuke uliogeukia nyuma na kuugeuza tena mbele, ukaipige safu ya pili.

Hilo Mzee alinifundishia nyuma ya ghala la sukari, ambako watoto wa kambini walikuwa wakipiga mpira ukutani. Mpira unapigwa, unakwenda ukutani, ukuta unaurudisha, unapigwa tena na mwingine. "Mpira ni uleule," alisema. "Ukuta haufanyi kazi, lakini uondoe ukuta uone kama wa pili atapata cha kupiga."

Kabla sijafika kwenye habari yenyewe, niwape na kosa langu moja, msije mkadhani naandika nikiwa juu ya kiti cha enzi. Mwaka wangu wa kwanza niliambiwa niipashe moto tabaini ya kinu. Nikafungua mvuke bila kutoa kwanza maji yaliyolala bombani. Maji yakabebwa na mvuke yakagonga kona ya bomba, mshindo mmoja, wa pili, wa tatu. Athumani, msimamizi wa boila, alitoka mbio akiwa na kiatu kimoja. Mzee Shija hakunigombeza. Aliniweka kwenye vali ya kutolea maji wiki nzima, nikaifungua na kuifunga kila walipowasha, mpaka nikawa naota sauti ya maji yakiisha na mvuke mkavu ukianza. Toeni maji kwanza, wanangu. Pasheni moto taratibu. Na mkitaka kujua kama beringi inatikisika, simamisheni penseli juu ya kifuniko chake, ikianguka msiulize kompyuta.

Huyo Athumani nimemtaja, na mtamkuta tena. Alikuwa Mzaramo, na Wazaramo na Wasukuma ni watani, kwa hiyo yeye na Mzee Shija walitukanana kuanzia asubuhi mpaka king'ora, kwa mapenzi makubwa. Mzee akikosea ngazi, Athumani anapiga kelele, "Jamani, mshikeni kipofu wa watu, asije akatumbukia kwenye boila langu tukanywa supu ya Msukuma." Tunacheka, Mzee anacheka kuliko sote, anamjibu kwamba Wazaramo hawajawahi kunywa supu yenye nyama. Kipofu, kipofu, karibu mwaka mzima. Hakuna aliyewaza zaidi ya hapo.

Mzee alikuwa na mtindo wake wa kufunga tabaini. Alipapasa kila panga kwa kidole gumba, macho ameyafumba. Mimi nilidhani ni ubingwa. Nikamuuliza siku moja kwa nini hatazami, akasema chuma kilichosafishwa kinang'aa, na mng'aro unadanganya, kidole hakidanganyi. Nikaanza na mimi kufumba macho. Hebu fikirieni, kikosi kizima cha mafundi tumefumba macho mbele ya mtambo kwa kumwiga mzee mmoja.

Na tulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeiandika mahali. Mkubwa akishafunga kitu, mdogo hakagui. Mkubwa alikuwa anakukagua wewe, hata mara kumi. Lakini kumpitia yeye baada ya mikono yake ilikuwa kama kuonja chakula cha mama mkwe na kuomba chumvi. Mimi nililelewa hivyo nyumbani, nikaikuta kazini, sikuona ajabu.

Sasa masika ya mwaka ninaousema, kiwanda kimesimama kwa matengenezo kama kila masika, Mzee Shija alikuwa amebakiza miezi mitatu astaafu. Injinia wetu, kijana wa Kipare aliyeitwa Mbwambo, alikuwa ameshaanza kuona mambo. Mzee alishapitwa na shimu moja, kile kibati chembamba cha kusawazishia, alishafunga geji kichwa chini. Injinia alimwita, nami nilikuwepo, akamwambia kwa heshima lakini kwa maneno yaliyonyooka kwamba likitokea kosa jingine kwenye tabaini, atampeleka akamalizie muda wake getini, kukagua magari. Mzee akajibu, "Nimesikia, Injinia." Tulipotoka nje akanishika bega.

"Mayu, mimi nimezifunga hizi tabaini tangu hujazaliwa. Nataka niondoke nikiwa fundi. Sitaki watu waniage nikiwa nimeshika kamba ya geti."

Niliapa moyoni kwamba hataondoka na kamba ya geti. Kiapo hicho ndicho kilichotuponza.

Tabaini ya kinu namba mbili tuliifungua wiki ya mwisho ya matengenezo. Tukasafisha nozo, tukasafisha safu zote mbili, tukaitoa nusu pete tukaikwangua. Ile nusu pete zamani ilikuwa na pini ya kuizuia isiingie vibaya, lakini pini ilivunjika miaka ya nyuma, spea ikakosekana, mtu akausaga mzizi wake, ikabaki inashikwa na bolti tu. Matundu ya bolti yalikuwa sawa pande zote mbili, kwa hiyo ingeweza kukaa hivi au kinyume chake na bolti zikaingia bila kulalamika.

Mzee aliifunga mwenyewe. Siku hiyo kidole gumba chake kilikuwa kimefungwa bandeji, cheni ya kuinulia kifuniko ilimchubua juzi yake. Akapapasa kwa kidole cha kati. Mimi nilikuwa nimeshika tochi, na tochi yangu ikaangukia kwenye yale mapanga yasiyozunguka. Panga la namna ile lina tumbo na lina mgongo, na pale nilipotegemea kuona matumbo niliona migongo.

Niliona. Sitawadanganya kwamba sikuwa na hakika. Nilikuwa na hakika kwa muda wa pumzi moja, halafu nikaanza kujitilia shaka, labda nimesimama vibaya, labda ni kivuli. Injinia alikuwa hatua tano nyuma yetu na karatasi zake. Nikisema "Mzee, umegeuza," nimempeleka getini kwa mdomo wangu. Nikazima tochi. Mzee akakaza bolti ya mwisho, akasema, "Funikeni," tukafunika.

Tukaijaribu bila mzigo. Ikazunguka vizuri mno, penseli ikasimama, gavana, ile inayodhibiti mwendo, ikatii. Injinia akampa Mzee mkono. Nikajiambia, unaona, kilikuwa kivuli tu. Ndiyo maana nawaambia, tabaini isiyo na mzigo msiiamini. Hata safu moja inatosha kuizungusha ikiwa haina kitu cha kufanya.

Jumatatu msimu ukafunguliwa. Miwa ilishachomwa mashambani, na muwa uliochomwa haukusubiri, ukilala siku mbili tatu unachacha, sukari haitoki. Magari yamepanga foleni mpaka barabarani, ya kiwanda na ya wakulima wadogo waliokuwa wamesubiri siku hiyo mwaka mzima. Kinu namba moja kikakamua, kikapeleka makapi kwa namba mbili. Namba mbili ikapokea, ikalegea, ikasimama. Tukaondoa makapi kwa majembe, tukaanza upya, ikasimama tena. Mara tatu.

"Mvuke hautoshi," Mzee Shija akasema. "Mwambieni Mzaramo aamke."

Athumani akaja mwenyewe, amevimba. "Mvuke hautoshi? Wewe leo umekunywa mvuke wa mchana kutwa, hata wapika juisi wananishangaa. Geji yangu ya presha ile pale, njoo uisome, kipofu wewe."

Safari hii hakuna aliyecheka sana. Injinia alisimama katikati yao, akatazama boila, akatazama tabaini, akasema wapewe watu wa boila mpaka kesho asubuhi wasafishe vichujio vya bomba la mvuke. Kiwanda kikasimama siku ya kwanza ya msimu, na lawama ikaenda boila.

Mimi nilikwenda kwenye bomba la kutokea. Kuna kipimajoto pale, na siku zote kinu kikiwa kazini kilikuwa kinakaa mia na tisini na kitu, mia mbili kasoro. Kwenye daftari la zamu aliyekuwa anasoma alikuwa ameandika mia mbili na arobaini. Nikakaa chini kwenye ngazi. Fikirini na nyinyi. Mvuke uliofanya kazi hutoka umepoa kiasi, kwa sababu kilichochukuliwa ndicho kinachozungusha kinu. Huu ulitoka na moto wake. Halafu Athumani anasema tumekula mvuke mwingi. Yaani unaingia mwingi, unatoka umeshiba, kinu kina njaa. Safu ya kwanza inapata, safu ya pili haipati, au mbaya zaidi inapigwa mgongoni inarudishwa nyuma. Ukuta umegeuzwa. Hakikuwa kivuli.

Sikwenda kwa Injinia. Nilimfuata Athumani kule boila, nikamvuta pembeni, nikamwambia yote, na nikamwomba yeye amwambie Mzee, maana ni mtani wake, mtani husema lolote.

Athumani alijifuta jasho. "Skola mdogo wangu, mimi namwita kipofu tangu mwaka jana. Unadhani nilikuwa natania? Nilimwona anapapasa kikombe chake cha chai mezani kama anatafuta sindano. Nikasema nimwambie kwa utani, labda ataelewa aende hospitali. Akacheka. Mimi nikimwambia atacheka mpaka kesho kutwa. Wewe ukimwambia atasikia."

Jioni hiyohiyo, jua bado liko juu, nilikwenda kwenye majaruba. Mpunga ulikuwa umeiva, mkewe anavuna, yeye amekaa kwenye tuta anafunga mafungu. Nikampa shikamoo. Nikauliza mpunga, nikauliza wajukuu, nikauliza ng'ombe waliobaki Usukuma ambao sijawahi kuwaona. Aliniacha nizunguke mpaka nikachoka.

"Mayu, umekuja na nini?"

"Mzee, nusu pete imekaa kinyume."

Aliendelea kufunga fungu lile mpaka likaisha, akaliweka chini. "Umejuaje?"

Nikamweleza kipimajoto. Akatikisa kichwa, taratibu, kama mtu anayesikia hesabu iliyo sahihi. Halafu akauliza, "Na wewe uliiona lini?"

Hapo ningeweza kudanganya. Nilisema, "Ulipokuwa unaifunga. Nilikuwa na tochi."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza kwa heshima, Mzee. Na Injinia alikuwa pale."

Katika miaka yote ile sikuwahi kumwona amekasirika, na sikupenda kilichonitazama. "Heshima gani hiyo? Foleni ya magari imefika barabarani, mtani wangu anatukanwa kwa kosa langu, na mimi nasimama mbele ya watu nasema mvuke hautoshi. Mayu, hukuniheshimu. Ulinificha."

Nililia. Niliona aibu kulia, lakini nililia, mkewe akaacha kuvuna akatutazama. Nikamwambia nimeshaamua, kesho nitamwambia Injinia kwamba mimi ndiye niliyeifunga. Mimi bado kijana, watanirudisha kwenye pampu, nitapanda tena. Yeye amebakiza miezi mitatu.

Mzee Shija akachukua fungu jingine, akaanza kulifunga. Aliponijibu hasira ilikuwa imekwisha, imebaki sauti yake ya siku zote. "Utakuwa umeificha mara ya pili," alisema. "Nakuona wewe ukungu, mayu. Mwaka wa pili sasa. Mtoto wa jicho, yote mawili. Tochi yako naiona, wewe sikuoni. Nilifikiri vidole vitanifikisha."

Kesho yake asubuhi tuliinua kifuniko, kikosi kizima tupo, Injinia yupo, Athumani ametoka boila na masizi yake. Mzee hakungoja mtu aulize. Alisema kwamba nusu pete imekaa kinyume, aliyeifunga ni yeye, na macho yake hayaoni. Akasema Skola aliiona siku ileile akanyamaza kwa adabu, na adabu hiyo ni yeye aliyemfundisha, kwa hiyo kosa lake ni mara mbili.

"Ulisema utanipeleka getini, Injinia," akamalizia. "Nipeleke. Ila niache kwanza nishuhudie hii inavyofungwa."

Injinia Mbwambo aliitazama ile nusu pete, akamtazama Mzee.

"Mzee wangu," akasema, "getini nahitaji mtu anayeona."

Athumani ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akashika bomba, likamuunguza, akazidi kucheka. Mzee akafuata, kisha sote, na Injinia mwenyewe, ambaye nadhani hakukusudia kuchekesha. Alipotulia akasema Mzee atabaki kwenye tabaini mpaka tarehe yake, atafundisha, mimi nitafunga, na akipata nafasi aende hospitali Ifakara wamtazame yale macho.

Nikaigeuza nusu pete. Safari hii Mzee hakuniacha nikaze bolti. Aliwaita mafundi mmoja mmoja, mpaka kibarua aliyekuwa amekuja kufagia, kila mmoja akaambiwa aingize mkono na aseme anagusa tumbo au mgongo. Kisha akaniambia nitoboe tundu la pini pale ilipovunjika. Niliichonga pini mwenyewe kwa kipande cha chuma cha karakana, yeye akaishika kwa kile kidole chenye bandeji, mimi nikaigonga. Baada ya hapo hata ungetaka kuigeuza usingeweza. Wanangu, mkikuta mahali panapotegemea mtu asikosee, tieni pini. Na mkimwona mkubwa wenu anakosea, semeni hapohapo, kwa shikamoo yenu, lakini semeni.

Mchana tukawasha. Nikatoa maji kwanza. Makapi yakaja kutoka kinu namba moja, namba mbili ikayapokea, ikanguruma kidogo, ikayameza, ikaomba mengine. Nje magari yakaanza kusogea.

Mzee Shija alisimama karibu na bomba la kutokea. Kipimajoto kilikuwa usawa wa uso wake. Kila tulipowasha mtambo, miaka ile miwili ya ukungu, alikuwa akikisogelea, anatulia, anasema "kiko sawa," na sisi tunaandika kiko sawa. Siku hiyo hakukisogelea. Alinigeukia, akapaza sauti kuzishinda kelele za kinu, Injinia anasikia, Athumani anasikia, kikosi chote kinasikia.

"Skola, kinasoma ngapi?"

Nikamsomea.